Maji Yaliyokatazwa Kukimbia

Kompyuta ya Mutindi ilizimika tena, ilhali jua la mji wa Wote lilikuwa bado halijafika utosini. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya mafuriko ya mto wa msimu upitao Kanyangi. Kesho wanakijiji wangekutana kuchagua mahali pa bwawa la mchanga, ukuta uzuiao mchanga wa mto ili uhifadhi maji, na bila hesabu hiyo wangechagua kwa kukisia, kama walivyolichagulia mahali bwawa la kwanza, lile lililosombwa na maji.

Mashine hiyo ilipozwa kwa maji. Pampu iliyapitisha juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, yakabeba joto hadi kwenye rejeta ndogo aliyoiunda pamoja na mzee Nzomo, mchomeleaji wa rejeta za magari, kisha yakarudi. Hao wawili walilelewa katika nchi ya matuta, ambako mtoto hufunzwa kwamba maji yakimbiayo ni hasara na yatulizwayo ni neema. Basi waliafikiana, pasipo hata kubishana, kuibana koki ya bomba ili maji yakawie ndani ya rejeta na kuacha joto lote.

Na kweli yaliliacha. Mutindi aligusa bomba la kurudi, akalikuta baridi kama mtungi. Hilo ndilo lililomtatiza: ikiwa rejeta yatenda kazi yake barabara, mashine yaungua kwa nini? Akapeleka vidole kwenye bomba litokalo kwa prosesa, akavitoa upesi. Akatafakari. Maji yaliyokawia kwenye rejeta yalikawia pia juu ya prosesa, yakiokwa hapo.

"Mzee," alisema, "tumejenga bwawa ndani ya kompyuta."

Nzomo alicheka, akamwambia alibomoe basi, ila likikauka asimtafute yeye. Mutindi akaifungua koki yote. Kipimo cha joto kikaanza kushuka. Nzomo akashika bomba la kurudi, akakunja uso.

"Hili sasa lina moto kuliko mwanzo, binti yangu. Nawe watabasamu?"

"Prosesa imepoa, mzee. Bomba tulilibembeleza bure."

Mzee hakutosheka. Alishika bomba hili, akashika lile, akasema yamekuwa kama mapacha.

Alasiri hesabu ilikwisha. Ramani iliyochapwa kutokana nayo ilionyesha kona yenye mwamba, mahali ambapo mto wenyewe hupunguza mwendo. Mutindi alipokuwa akiikunja, Nzomo alikuwa angali amechutama kando ya mashine, kiganja juu ya bomba, akiuliza: je, na pampu ikiongezwa nguvu?