Kisanduku cha Bibi Eneida

Mtaa ule wa Havana, vijana walicheza vita vyao vya kompyuta kwa mtandao walioufunga wenyewe. Kebo zilipita paa hadi paa, zote zikaishia kwenye kisanduku cha kuziunganisha, juu ya kabati la jikoni kwa Bibi Eneida. Na kila saa kumi na moja jioni, bibi alikichomoa achomeke sufuria yake ya umeme, maana jikoni alikuwa na soketi moja tu.

Basi vijana kumi na wawili walipanda ngazi wakifoka.

"Bibi, umeniua mimi na jeshi langu zima!" Osniel, mmoja wao, alilalamika.

"Jeshi gani lisiloweza kungoja wali? Keti, unywe kahawa."

Osniel alichoka. Akamuundia ekstensheni ya soketi nne, akamfungia mwenyewe. Kwa siku tatu vita havikukatika hata mara moja.

Siku ya nne, saa kumi na moja kamili, skrini zote ziliganda. Osniel alikwea ngazi hasira zimempanda. Wali ulikuwa unatokota, soketi tatu ziko wazi, na plagi ya kisanduku bibi ameishika mkononi.

"Bibi! Si nafasi ipo?"

"Ipo."

Mezani kulikuwa na vikombe kumi na viwili.

"Siku tatu nachemsha kahawa, namwaga," bibi alisema. "Wenzako wako wapi?"

Huko chini, ngazi zilianza kutetemeka kwa miguu na makelele.

"Hao wanakuja kukugombeza, bibi."

"Waje," alisema, akaanza kumimina.