Godoro Chini ya Kapeti

Asteria alirudi Same Jumamosi mchana akitoka Bombo, alikokwenda kumzika shangazi yake, akakuta gari la marehemu baba yake linanuka gundi.

Lilikuwa Datsun ya michezo, boneti ndefu, milango miwili, na kiti chembamba nyuma. Baba huyo, Mzee Kaanaeli, alilinunua kwa mhandisi wa shamba la mkonge, akaliendesha mpaka likamfia uani. Kwa miaka miwili Asteria, ambaye kazi yake ni kushona viti vya magari pale mjini, alikuwa akilifufua. Kutu aliikwangua kwa mikono yake. Sakafuni, juu ya bomba la moshi, alilaza kinga ya joto isiyoshika moto, aliyoiagiza Dar es Salaam.

Alipofunua kapeti, kinga haikuwepo. Palikuwa na godoro. Sponji ya kulalia, imekatwa vipande na kubandikwa mpaka chini ya dashibodi. Akafungua buti. Mtungi wa gesi ya kupikia ulikuwa umefungwa humo kwa kamba, na mpira wake umepitishwa chini hadi kwenye injini.

"Zephania!"

Hakumwita kaka, ingawa ndiye mkubwa wake. Zephania, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam, alitoka ndani na kikombe cha chai.

"Usianze," alisema. "Sasa ndani kumetulia, ni kama umekaa kwenye sofa. Na petroli ya nini siku hizi? Dar watu wanahamia gesi."

"Wanafungiwa mitungi ya magari, na mafundi waliosomea! Huu ni wa kuchemshia maharage. Kinga yangu iko wapi?"

"Yale matambara? Yalikuwa yananiwasha. Nimetupa."

"Rudisha petroli. Leo hii."

"Kabureta nimeshaibadilisha. Labda Jumatatu."

Mama yao, Hedwiga, alitokea mlangoni. "Kesho nina ibada ya shukrani Chome," alisema. "Nataka nifike kwa gari la baba yenu. Mtagombana tukirudi."

Asteria akanyamaza. Hilo ndilo ambalo hakujisamehe baadaye.

Asubuhi Zephania alishika usukani, mama akakaa pembeni yake na gauni lake la kanisani, Asteria akajikunja nyuma. Barabara ya lami ilikwenda vizuri. Walipoanza kupanda mlima, gari likawa linaguna kwa gia ya kwanza, chini likikwaruza mawe.

"Miguu yangu inaungua," mama alisema.

"Ni jua tu, mama."

Asteria aliisikia ile harufu, tamu na kali, ya sponji inayoyeyuka.

"Simama!"

"Hapa kilimani? Litarudi nyuma!"

Asteria alijipenyeza kati yao, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Injini ikazimika. Moshi ulikuwa umeanza kutoka kando ya viatu vya mama. Walimtoa huku kitambaa chake cha kichwa kikianguka. Asteria akakimbilia buti na kukaza koki ya mtungi. Kisha akarudi, akairarua kapeti, akang'oa sponji vipande vipande na kuitupa barabarani, nyingine ikimganda viganjani. Akaifukia kwa udongo, akaukanyagakanyaga.

Zephania alikuwa amesimama kando. "Kapeti yenyewe ilikuwa mpya," alisema.

Asteria aliokota bonge la sponji lililokwishapoa, akamtupia kifuani. Likaacha baka jeusi kwenye shati lake jeupe.

"Umemweka mama juu ya moto na gesi mgongoni, halafu unalilia kapeti?"

"Asteria," mama alisema, "huyo ni kaka yako."

"Na wewe ulikuwa unaungua! Unaungua, mama, na bado unamtetea!"

Katika maisha yake yote hakuwahi kumpazia mama yake sauti. Hedwiga alitazama soli za viatu vyake zilizoyeyuka, akavivua, akaanza kupanda mlima pekupeku. Zephania akamfuata.

"Usinifuate," mama alimwambia bila kugeuka. "Kaa na gari lako."

Lori la mbao liliwavuta kurudi Same. Walipofika, Asteria alichukua funguo na kuzitia mfukoni. Zephania akaondoka kesho yake bila kuaga.

Mama alishuka Jumatano kwa basi. Alimkuta Asteria amelala chini ya gari, mkono mmoja umefungwa bandeji, akirudisha bomba la petroli.

"Shikamoo," Asteria alisema bila kutoka.

"Marahaba." Mama alivuta kigoda, akakaa karibu na miguu ya binti yake. "Niliuona ule mtungi tangu Ijumaa. Nilijua haufai. Nikasema moyoni, acha nifike kwanza kanisani."

Asteria aliacha kukaza. Maneno yalimjaa kinywani, ya kumwambia mama, ya kumwambia Zephania, na mengine yaliyomhusu mwenyewe, na yote yalikuwa makali.

"Mama," alisema mwishowe, "leo sitaki kuyasikia hayo."

"Sawa."

Lakini hakuondoka. Alikaa pale pale hadi kazi ilipokwisha, na Asteria hakumfukuza.