Viwavi wa Bwana Lister

Karani Revelian alikuwa msomi, na kwa imani yake msomi hamwambii mkewe mambo ya ofisini. Kwa hiyo yaliyompata mwaka ule aliyapanda mwenyewe, akayapalilia, akayavuna.

Mkubwa wake wa kazi, Bwana Lister, alikuwa mzungu mwenye ugonjwa wa vipepeo. Kila mwaka masika yakikaribia, vipepeo wa rangi ya maziwa hupita Dar es Salaam makundi kwa makundi, na Bwana Lister huwakimbiza na wavu wake mpaka watoto wa Kinondoni wakamtungia wimbo. Swali moja lilimnyima usingizi: je, vipepeo wale walikuwa wapita njia, au walizaliwa papa hapa? Mtu aliyevuka bahari kuja kutawala nchi ya wenzake alitaka kujua kwa yakini nani mgeni na nani mwenyeji.

Revelian alimwarifu, kwa unyenyekevu wote, kwamba mjohoro wa uani kwake ulijaa viwavi wa kijani, na kwamba kwa macho yake aliona kipepeo wa aina ile akichomoza kutoka kwenye kifuko kilichoning'inia tawini. Bwana Lister aliruka kitini. Angekuja Jumamosi kujionea. Akaongeza, huku akitabasamu, kwamba habari njema kama hiyo haisahauliki siku ya kuteua karani mkuu. Kiti hicho kilikuwa wazi, na waliokinyemelea walikuwa wawili: Revelian, na Alfonsi wa kutoka kusini, mtu mvivu ambaye ua wake ulijulikana kwa magugu.

Revelian alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hata hivyo nyumbani hakufungua kinywa. Angemwelezaje Avelina kwamba ukubwa wa mumewe ulikuwa mikononi mwa viwavi?

Avelina naye alikuwa na elimu yake ya vipepeo. Jumamosi asubuhi mmoja aliingia dirishani, akazunguka chumba, akatua juu ya kofia ya Revelian. Avelina akasema mgeni yu njiani, tena mgeni mkubwa, maana kipepeo amechagua kofia. Revelian alicheka mpaka chai ikampalia. Alimhubiria mkewe kwamba huo ni ujinga wa kale na mdudu hajui safari za watu, kisha akaenda kazini akipiga mluzi.

Lakini mwanamke aliyelelewa vizuri Bukoba hamngojei mgeni mikono mitupu. Avelina alifagia ua, akatandaza nyasi mbichi sakafuni kama kwao, akaandaa kahawa ya kutafuna. Kisha akainua macho, akauona mjohoro. Aibu ilimshika. Mgeni anywe chai huku viwavi wanamdondokea kikombeni? Akachukua ufito, akautikisa mti tawi kwa tawi, akabandua kila kifuko kilichoning'inia, akapangusa na shina. Kuku walikula mpaka wakashindwa kutembea, na jogoo aliyekula kuliko wote akachinjwa.

Mchana gari la Bwana Lister lilisimama mlangoni, Revelian akiwa ndani yake amekaa wima kama karani mkuu. Mzungu alikwenda moja kwa moja mjohoroni na kioo chake cha kukuzia. Aliangalia jani kwa jani, akapiga magoti, akazunguka tena. Hapakuwa na kiwavi hata wa dawa.

Revelian alimvuta mkewe kando, akamuuliza kwa Kihaya viwavi wamekwenda wapi.

"Nimewatoa wote, Baba Projestus," Avelina akajibu kwa fahari. "Mgeni wako akute uchafu?"

Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba karani mkuu mtarajiwa hasikilizani na mkewe. Revelian akamkaribisha mgeni mezani. Bwana Lister, kwa ustaarabu wake, alikubali kula. Alimsifu sana jogoo. Tangu afike Tanganyika hakuwahi kuonja kuku mnono vile. Akauliza analishwa nini.

"Mtama, Bwana," akasema Revelian, akimwongezea mchuzi.

Wiki iliyofuata Bwana Lister alikwenda kwa Alfonsi, ambaye naye alikuwa na mjohoro uani na hakuwa amegusa fagio tangu Krismasi. Viwavi walikuwa mtini, ukutani, mpaka kwenye kizingiti. Inasemekana mzungu alitokwa na machozi. Jumatatu Alfonsi akakikalia kiti, na Revelian akaumia moyo kama aliyefiwa. Habari za viwavi na kiti Avelina alizipata sokoni, si kwa mumewe.

Siku chache baadaye kipepeo mwingine aliingia dirishani, akatua juu ya kofia ile ile. Avelina alimtazama, akaendelea kumenya ndizi.

"Anakuja nani, Mama Projestus?" Revelian akauliza. Safari hii hakucheka.

"Mie nitajuaje? Mambo ya wageni unayajua wewe."

"Ni Alfonsi," Revelian akasema. "Ndiye mkubwa wangu sasa. Nimemwalika Jumamosi."

Avelina aliweka kisu chini, akachungulia uani, ambako mjohoro ulikwisha kuanza kushika viwavi wapya.

"Basi niambie mapema," akasema. "Huyo nimsafishie, au nimwachie?"