Kishikio cha Chini ya Magoti

Harmoniamu ya misioni, pale juu ya Lushebere, ilikuwa na ufundi mmoja ulioharibu watu kuliko pombe ya ndizi. Vibao vyake vyote, vyeupe na vyeusi, vilipangwa juu ya ubao unaoteleza. Ukivuta kishikio cha shaba kilicho ubavuni, ubao mzima unasogea kulia ao kushoto, na wimbo unapanda ao unashuka, huku vidole vyako vimebaki palepale kama mzee aliyekataa kuhama. Padiri akiamka na kikohozi, unashusha hatua mbili. Mamama wa kwaya wakiwa na nguvu siku ya Pasaka, unapandisha tatu. Wewe mwenyewe hujui gamu nyingine, ngazi nyingine ya sauti, zaidi ya do, na watu wanakuita fundi.

Straton alikuwa fundi wa namna hiyo.

Mwaka ule wa 1954 alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwana wa Mama Nyiramahoro, mjane mwenye ng'ombe saba na maneno machache. Kila asubuhi alishuka na maziwa ya misioni, na badala ya kurudi mbio kama mutoto mwenye adabu, aliketi kwenye harmoniamu mpaka jua lisimame kichwani. Nyimbo za Mungu alizimaliza haraka. Kisha alipiga jazi.

Jazi ilitoka kwa Frère Grégoire, bruda na fundi mbao wa misioni, mzungu mwenye ndevu nyeupe na vumbi la msumeno ndani yake. Kabla hajavaa kanzu alipiga piano katika mkahawa mmoja wa Liège, kwao Ubelgiji, na chini ya kitanda chake kulikuwa na sahani sita za gramofoni ambazo, padiri akiuliza, zilikuwa za kujifunzia Kiingereza. Kwa miaka mitatu Straton alizisikiliza, akachukua nyimbo zake na kuzivunja, akazijenga upya kwa namna yake mwenyewe. Ile sauti ya mkono wa kushoto inayotembea kama ng'ombe anayerudi nyumbani bila kuchungwa ilikuwa yake. Sahani haikuwa nayo. Hata Frère mwenyewe alisema hajui imetoka wapi.

Sasa, mwezi wa tisa, Narcisse akaja na habari.

Narcisse alikuwa karani katika mine moja ya kasiteri, mgodi wa mawe ya bati, upande wa Walikale, si mbali na Omate, na alipiga saksofoni katika orkestra ya makarani. Kwa Straton alikuwa zaidi ya rafiki. Zamani marehemu baba wa Straton alimpa baba wa Narcisse mtamba mwekundu, na kwa watu wa milima ile, ng'ombe wa kupewa ni fundo. Watoto wa nyumba mbili zilizofungwa hivyo hawapitiani mlangoni bila kuingia, wala hawadanganyani. Mtamba yule alizaa mara tano, na Narcisse alikua kwa maziwa yake. Kama meno yake yalikuwa mazuri, basi njo ng'ombe wa akina Straton waliochekea mdomoni mwake.

"Kaka," alisema Narcisse, akiketi kwenye benchi la kwaya, "injinia wetu amepata barua ya Frère. Anasema kuko mupiga kinanda huku Masisi. Siku ya Mutakatifu Barbara, tarehe ine mwezi wa kumi na mbili, wachimbaji wanafanya sikukuu yao. Atakusikiliza. Ukimupendeza, unakuwa mupiga piano wa orkestra. Nyumba ya matofali, kazi ya karani. Tutakaa mulango kwa mulango."

Straton alitaka kujibu kama muntu mkubwa, lakini meno yalikuwa yametoka yote nje.

Frère Grégoire aliposikia, hakucheka. Alisema kwa Kiswahili chake kilichochongwa kwa shoka: "Kila wimbo, mara kumi na mbili. Kwa do, kwa do diez, kwa re, namna ile mpaka urudi. Hiki kishikio usiguse tena. Kilitengenezwa kwa mapadiri wagonjwa na wapiga kinanda wavivu."

"Frère, nyimbo kumi mara kumi na mbili ni mia moja ishirini."

"Umesoma hesabu vizuri."

Straton alijaribu juma moja. Katika do vidole vyake vilikuwa nyumbani, kila kimoja na kiti chake. Katika do diez vilikuwa mbuzi waliopelekwa soko geni: kimoja kinapanda, kimoja kinaanguka, kingine kimesimama tu kinaangalia. Ule mkono wa kushoto uliotembea vizuri ulianza kuchechemea. Siku ya sita alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba kazi hii ni ya wazimu.

Mama Nyiramahoro alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa mapajani. "Ukizoea kukamua kwa mukono wa kuume tu," alisema, "siku mukono ule utauma, misioni watakunywa mvua?"

Basi alikuwa amebaki katikati. Miezi miwili na nusu ilimtosha kuzungusha nyimbo zake kumi katika gamu zote, kama angelia kidogo. Ao angeweza kuongeza nyimbo kumi mpya katika do na kufika Walikale na mzigo wa kutisha. Aliendelea kuyapima mawili hayo hadi Narcisse alipopanda tena mwezi wa kumi, ameketi juu ya magunia katika kamio, lori la mizigo, saksofoni kifuani.

"Mara kumi na mbili?" Narcisse aliuliza. "Ng'ombe moja unamukamua mara kumi na mbili, juu ya nini? Maziwa iko ile ile. Angalia, kaka. Mwenye wimbo moja mu gamu kumi na mbili, iko na wimbo moja. Mwenye nyimbo kumi na mbili mu gamu moja, iko na kumi na mbili. Batu watacheza gamu ao watacheza nyimbo?"

"Na muimbaji akitaka juu?"

"Unavuta kishikio."

"Ile piano yenu iko na kishikio?"

Narcisse alifuta mdomo wa saksofoni kwa pindo la shati. Aliufuta vizuri sana, pande zote.

"Iko," alisema. "Chini, upande wa magoti. Kikubwa kuliko hiki."

Straton alikuwa hajawahi kuona piano. Aliyajua maandazi ya Bukavu kwa hadithi, na piano vilevile. Frère alikuwa amesema si kila kinanda kinateleza. Lakini Frère aliondoka Liège kabla ya vita, na Narcisse aliiona piano ile kila Jumamosi. Amwamini muzee wa sahani za Kiingereza, ao ndugu wa ng'ombe mmoja? Straton aliamua. Tangu siku ile alipiga katika do tu, akaongeza nyimbo mpya tisa, na kishikio cha shaba kikang'aa kwa kushikwa.

Narcisse alirudi mara mbili zaidi, na kila mara na kaye, daftari la shule. "Nipigie polepole, niandike mukono wa kushoto," alisema. "Hivi orkestra itakuwa inakuzoea mbele ya kufika kwako." Straton alipiga polepole. Alirudia mpaka kalamu iridhike. Mama yake aliwaletea maziwa yaliyoganda ya kibuyu, na Narcisse akanywa mpaka mwisho.

Tarehe nne Straton alifika mine na suti ya Frère iliyofupishwa mikono. Misa ilikuwa imekwisha. Katika baraza la makarani, ukumbi wao wa muziki, watu walijaa mpaka madirishani, wachimbaji wamevaa mashati meupe, wake zao na vitambaa vipya. Piano ilisimama ukutani: ya zamani, wazungu waliitoa waliponunua nyingine. Straton aliisalimu moyoni kama mkwe.

Wimbo wa kwanza aliupiga peke yake, katika do. Mkono wa kushoto ulipoanza kutembea, mabega ya watu yakaanza kutembea nao. Injinia, muntu mwembamba mwenye miwani, aliweka kikombe chake chini. Kwa dakika nne Straton alikuwa tayari anachagua rangi ya milango ya nyumba ya matofali.

Kisha akasimama Béata, muuguzi wa mine na mwimbaji wa orkestra.

"Wimbo ule ule," alisema. "Mimi nauimba kwa mi bemol, papa."

"Hakuna shida," alijibu Straton. Mi bemol masikio yake yaliijua vizuri. Ni hatua tatu tu. Akateremsha mkono wa kuume chini ya vibao, upande wa magoti.

Mbao. Akapeleka mkono kushoto. Mbao. Akainama kidogo, akatabasamu kwa watu, akapapasa mpaka mguu wa piano. Huko chini aliona vyuma viwili vya kukanyaga, akashukuru Mungu, akakanyaga kimoja na kugusa do. Do ikatoka ile ile, ila ndefu, kama muntu anayepiga miayo. Akakanyaga cha pili. Do ikanong'ona.

"Papa anatafuta nini kule?" mchimbaji mmoja aliuliza.

"Labda kasiteri," mwingine akajibu, na baraza likacheka.

Straton, kichwa kikiwa bado chini, alimtazama Narcisse aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, saksofoni shingoni. Alikuwa anamwomba kwa macho amwonyeshe kilipo. Narcisse aliangalia darini.

Hapo njo Straton alijua. Alibaki ameinama muda kidogo zaidi, kwa sababu hakuwa na haraka ya kuinuka na jambo lile.

Alijaribu mi bemol kwa mikono. Mbuzi wa soko geni walirudi wote. Béata alisubiri mistari miwili, akafunga mdomo kwa huruma, na hiyo iliuma kuliko kicheko.

"Lakini nilikutumia habari," injinia alisema, si kwa ukali. "Nilimwambia Narcisse mwezi wa tisa: ajifunze kila wimbo katika gamu zote, mwimbaji wetu njo anachagua. Hakukuambia?"

Straton angeweza kusema. Lakini kusema mbele ya watu kwamba ndugu wa ng'ombe wa baba yako amekudanganya ni kumvua nguo marehemu, na Narcisse alijua hilo pia, alikuwa amelihesabu pamoja na mengine.

"Nilisahau, bwana injinia," Straton alisema.

Wa pili kusikilizwa siku ile aliitwa Jean-Marie, kijana wa Pinga mwenye mikono mirefu. Béata akamwambia mi bemol, na Jean-Marie akaanza. Mkono wa kushoto ukatembea kama ng'ombe anayerudi nyumbani bila kuchungwa. Kisha Béata akataka fa, akapewa fa. La bemol, akapewa. Mkono ule ule, hatua zile zile, na juu ya piano kaye ya shule imefunguliwa, imeandikwa kwa kalamu ambayo Straton alikuwa ameisubiri iridhike.

Alimkuta Narcisse nje, nyuma ya baraza.

"Jean-Marie ni shemeji yangu, ndugu ya bibi," Narcisse alisema kabla hajaulizwa. "Hana kazi mwaka muzima. Kila siku ananikalia mezani. Ungekuwa mi, ungefanya nini?"

"Ningekuwa wewe ningekosa pa kuweka uso."

"Wewe uko na ng'ombe, Straton. Yeye hana kitu."

"Hata wewe uko na ng'ombe. Njo hiyo nashangaa."

Narcisse alicheka kidogo, kama muntu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

Nyumbani, Mama Nyiramahoro alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kibuyu chini, akajifunga kitenge upya.

"Nakwenda kuchukua uzao wote wa mtamba yetu," alisema. "Kila kwato."

"Acha, mama. Ng'ombe hawakusema uongo."

"Na wewe utafanya nini?"

Straton alichukua kamba ya ndama iliyoning'inia mlangoni, akashuka misioni. Frère Grégoire alikuwa anapiga randa. Aliona uso ukipita, akaona na kamba, akaacha randa na kumfuata mbio. Alimkuta Straton amesukuma ubao wa harmoniamu mpaka katikati, anafunga kishikio cha shaba kwa fundo la mara tatu, lile fundo ambalo ng'ombe mwenyewe hawezi kulifungua. Frère alishika moyo, akarudi kwenye mbao zake bila kuuliza.

Pasaka ilipokaribia, Straton alikuwa amefika fa diez katika wimbo wa nne. Ilikuwa gamu mbaya, karibu yote vibao vyeusi, na siku hiyo alikuwa anaitukana kwa Kinyarwanda, taratibu kwa kuwa ni kanisani. Mlango ukafunguliwa. Narcisse, saksofoni kifuani, kaye mpya kwapani.

"Kaka," alisema, "batu wamechoka nyimbo zile zile. Jean-Marie anazijua kwa gamu zote, lakini mpya hana. Injinia ananuna." Akaona kamba. "Sasa hii ni nini? Unafunga kinanda kama ndama?" Akanyoosha mkono kulifungua fundo.

"Usiguse."

Mkono ukarudi.

"Uliniambia iko kishikio chini, upande wa magoti," Straton alisema. "Nilikitafuta."

"Tayari najua. Utanisemea hiyo mara ngapi?"

Straton alifikiri, akaweka vidole juu ya vibao vyeusi.

"Mara kumi na mbili," alisema. "Kila moja kwa gamu yake. Hii ilikuwa ya do."

Narcisse alisubiri aone kama ni mchezo. Kisha akatoka na kaye yake tupu, na alipopita mbele ya nyumba ya Mama Nyiramahoro hakuingia. Ndani ya kanisa mkono wa kushoto ulianza kutembea katika fa diez, ukajikwaa mahali pale pale pa jana, ukaanza upya.