Gome la Pande Nne

Dada Mkubwa alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ukamzoea. Mchana alifua mashuka ya wageni hotelini, usiku akamshika baba mkono kwenda msalani na kurudi, mara nyingi bure.

Baba alikuwa bwana miti mstaafu. Mkojo ulimfunga, na dawa yake ilisimama nyuma ya nyumba: mti ambao gome lake huchemshwa, wa mwisho mtaani, wa jamii iliyoota duniani kabla hajazaliwa mtu wa kuumwa. Ukiukwaruza ulinukia lozi chungu. Ndege walikuwa bado wanayafuata matunda yake meusi, na mzee hakutaka uguswe.

"Mimi nitakufa tu," alisema. "Huo una kazi."

Binti akaubandua kwa siri, ila kwa kanuni aliyofundishwa na baba huyohuyo: pande mbili zinazotazamana, nyingine mbili ziachwe, maana chakula cha mti hushuka kwa gome. Akapaka vidonda tope, akachemsha, akamwambia mzee ni chai ya hospitali. Nafuu ikaja. Mzee akalala, na yeye akaiba usingizi.

Kisha majani yakaanza kupukutika kabla ya msimu. Akaenda kuuzunguka. Pande zote nne zilikuwa na tope.

Mdogo wake, fundi baiskeli aliyekuja kila Jumapili kumjulia baba hali, hakukana.

"Nilikuta mbili zina tope kavu, nikajua ni za enzi za baba. Nikachukua zile nzima. Si ndivyo alivyotufundisha, dada?"

"Ukampa vipi?"

"Kwenye uji. Nilijua ukisikia utanifukuza, ulivyo mkali."

Dada Mkubwa akakaa juu ya ndoo. Hata nguvu za kugomba hakuwa nazo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawa walikuwa wawili tu, tena watiifu, na mti ulikuwa umekwisha.

Baba alikuwa mlangoni, ameshasikia yote. Aliutazama mti.

"Mti wote ule," alisema, "kwa kibofu kimoja."

Aibu ikamchoma binti. Akakichukua kikombe cha dawa ya asubuhi, akitaka kuimwaga. Baba akanyoosha mkono.

"Lete hapa, mama. Ukiimwaga, mti utakuwa umekufa bure."

Akanywa mpaka machicha, huku analia. Halafu akaomba ashikwe mkono, akakae chini ya mti maadamu kivuli bado kipo.