Landrova ya Wamama wa Kisegi

Phelesia, ama Mama Lorine kama wenzake walivyomwita, hakusahau vumbi. Mwaka wa themanini na nne alikuwa njiani kwenda sokoni, karai la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani na mimba ya miezi saba tumboni, Landrova hii hii ikampita. Wakati huo ilikuwa ya ofisi. Mbele alikaa bwana mkubwa Simeon. Nyuma kulikuwa kutupu. Haikusimama. Kwa hiyo ilipopigwa mnada mwaka wa tisini na tano, yeye na wanawake wenzake wa Kisegi walichanga wakainunua, wakaiimbia hadi nyumbani.

Sasa iliwaaibisha. Kwenye tambarare ilikimbia kama swala, lakini ikifika mwinuko ulio mbele ya Sindo, pumzi inakata. Ikipumzika nusu saa, inawaka tena kama haikuwa na neno. Fundi Elkana aliosha kabureta, akabadilisha plagi, akafungua pampu mara mbili. Wanawake wakachoka. Simeon, ambaye sasa amestaafu, akajitokeza kuinunua kama chuma chakavu. Wakakubaliana: leo isipofika juu ya mwinuko, ni yake.

Akaja kushuhudia mwenyewe, akakaa palepale mbele, kando ya Elkana aliyeshika usukani. Phelesia na wenzake walikaa nyuma juu ya magunia ya omena.

Katikati ya mwinuko Landrova ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

“Pole, mama,” Simeon alisema akishuka. “Hii ni mzee kama mimi. Muiache ipumzike.”

“Wewe ndiye umestaafu, mzee. Hii bado ina kazi. Na tulisema leo. Leo imeisha?” Phelesia alimuuliza.

Simeon akacheka, akateremka kutafuta kivuli.

Elkana alichomoa paipu kwenye kabureta. Petroli ilidondoka tone, tone. “Pampu inavuta, lakini kuna kitu kinakataa kuachilia,” alinong’ona, akazunguka hadi kwenye tangi. Siku zote wanawake walitia mafuta wenyewe. Kazi yake ilikuwa chini ya boneti. Akakuta kifuniko kimefungwa nailoni tabaka tatu, kikakazwa kwa mpira wa tyubu.

“Nani alifunga hii?”

“Mimi,” Phelesia alijibu kwa fahari. “Petroli ilikuwa inamwagika kwa kona, omena wananuka, wanunuzi wa Homa Bay wakawakataa. Nimefunga hata inzi hapiti.”

“Hata hewa haipiti, Mama Lorine! Tangi itatoa vipi na haipumui?”

Akakata mpira. Tangi likavuta pumzi, fyuuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani.

Mwenzao Mellen ndiye aliyeanza kucheka. “Miezi minne tunalaani fundi, kumbe mnyongaji tuko naye!” Phelesia alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

“Nitakukatia raba inayozuia mafuta lakini inapumua,” Elkana alisema. “Pandeni!”

Landrova ikanguruma, ikaula mwinuko wote huku wanawake wakipiga vigelegele. Kutoka kileleni Phelesia alitazama nyuma. Kule chini mtu mdogo alikuwa akipanda kwa miguu, kofia nyekundu kwa vumbi. Utamu wa jambo lile hakuuficha. Kisha akagonga bodi. “Fundi, simama.”

“Tumngoje?” Mellen alishangaa. “Kwani yeye alikungoja?”

“Hakuningoja. Lakini siku hizi hii ni gari ya watu.”

Simeon alifika akihema, akanyoosha mkono kwenye mlango wa mbele. Phelesia alikuwa ameshakaa hapo, kiwiko dirishani.

“Karibu, mzee,” alisema. “Nyuma kuna nafasi. Usikanyage omena.”