Fondo Ameacha Kuamka Mapema

Mwanangu Fondo alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, na mimi nilikuwa nikimlalamikia kila mwenye masikio. Watamu nzima imelala, majogoo wenyewe hawajaamua kuwika, yeye ameketi kitandani gizani anavuta pua yangu. Nikigeukia ukutani, ananipanda mgongoni. Nikijifanya maiti, anacheka.

Basi tunaamka. Nawasha taa, namkorogea uji, tunakaa mkekani. Yeye anagonganisha vifuniko vya sufuria, mimi nasinzia. Jua likichomoza nampeleka kwa Bi Mwanamina, mwenye nyumba wangu, anayeishi ng'ambo ya ua. Ndiye anayenilelea. Mimi napanda baiskeli kwenda hotelini, kutandika vitanda vya watu wanaoamka wapendapo. Narudi baada ya isha, Fondo kashalala zamani. Msimu wa wageni ukipamba moto, hata siku ya mapumziko hatupewi. Baba yake yuko Gongoni, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Aliahidi kuja kila mwisho wa mwezi, lakini miezi yake haina mwisho.

Siku moja nililala juu ya rundo la mashuka machafu. Whitney, msimamizi wetu, ndiye aliyeniamsha.

"Kadii, ukirudia nitatafuta mtu mwingine," alisema, wala hakupandisha sauti.

Usiku huo nikamwambia Bi Mwanamina, huku nalia, kwamba mtoto huyu atanifukuzisha kazi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kosa ni letu. Huyu keshakuwa mkubwa, nasi bado twamlaza kama mtoto mchanga, asubuhi mara, alasiri mara. Usingizi wa mchana ukizidi, wa usiku huisha mapema. Nitamlaza mara moja tu, baada ya adhuhuri, kisha magharibi alale moja kwa moja. Niachie mie."

Nikamwachia. Siku za kwanza, aliniambia, zilikuwa vita. Fondo alisinzia na tonge mdomoni, akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Bi Mwanamina hakuyumba. Wiki haijaisha, mtoto akalala mpaka kukapambazuka. Nilimbeba begani amelegea, nikamlaza kwa Bi Mwanamina, hata jicho hakufungua. Nikaendesha baiskeli nikiimba, na wenzangu kazini wakanitania eti nimepata mume mpya.

Sijui ni siku gani furaha ile iliniishia. Nakumbuka tu Bi Mwanamina akinipokea mlangoni usiku na habari. "Leo kasimama bila kushika." Siku nyingine, "Leo kapiga hatua." Halafu, "Huyu apenda samaki, wajua?" Sikujua. Nilikuwa nikisimuliwa mwanangu kama mtoto wa jirani. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho niliyaona macho yake yakiwa wazi. Nikitoka amelala, nikirudi amelala. Usiku ule nilimnusa kichwa, akanukia udi wa nyumba ya Bi Mwanamina. Upweke ukanikaba pale pale, na mtoto yuko kifuani mwangu.

Alfajiri niliamka mwenyewe, saa yake ileile. Nikawasha taa. Nikakoroga uji. Nikakohoa. Fondo akashusha pumzi, akageukia ukutani. Basi nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakiangusha sakafuni.

Akakurupuka. Akanitazama, akautazama mlango, akaangua kilio, mikono kaielekeza mlangoni, upande wa Bi Mwanamina. Ningepigwa kofi nisingeumia hivyo. Sikuthubutu kumbeba. Nilipiga magoti tu mbele yake, nikasogeza uso, nikangoja. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Kisha akanyoosha mkono, akaishika pua yangu, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ilikuwa zamu yangu kulia.

Tulikaa mkekani na vifuniko vyetu. Ni kweli alikuwa akisimama bila kushika. Alinionyesha mara nyingi, na kila mara nilimpigia makofi kama sijawahi kusikia habari hiyo.

Jua lilipochomoza nilimpeleka ng'ambo ya ua, macho mekundu, anapiga miayo.

"Shikamoo, Bi Mwanamina."

"Marahaba. Ala! Kaamka tena mapema?" Akampokea, na Fondo akamlalia begani papo hapo. Uso wa yule mama ulimshuka. "Basi ni mimi. Jana mchana nilimwacha alale kupita kiasi. Niwie radhi, mwanangu, leo nitampunguzia."

Ningeweza kumwambia. Alisimama pale na leso yake mabegani, akinihurumia kwa dhati, na mimi nikatazama chini.

"Hakuna neno," nikasema. "Labda ni joto."

Nikaenda kazini nikisinzia juu ya baiskeli. Kesho yake alfajiri, kifuniko kikaanguka tena.